Uongo wa sukari haujayasafisha mafuta

Septemba 2016, jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofukua barua za zamani za Sugar Research Foundation, chombo cha wafanyabiashara wa sukari wa nchi hiyo. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, yaani Cristin Kearns, Laura Schmidt na Stanton Glantz, walionyesha kwamba katikati ya miaka ya 1960 chombo hicho kiliwalipa wanasayansi wa Harvard dola 6,500, ambazo kwa thamani ya 2016 zinakaribia dola 50,000, ili waandike mapitio ya tafiti kuhusu chakula na ugonjwa wa moyo. Mapitio hayo yalitoka 1967 katika New England Journal of Medicine. Yaliyabana mafuta na lehemu (kolesteroli), yakaiachia sukari ipite. Aliyetoa fedha hakutajwa popote.

Habari hiyo ilisambaa, na hadi leo inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ila njiani imeota mkia. Mkia wenyewe ni huu: kwa kuwa tulidanganywa kuhusu sukari, basi na tuliyoambiwa kuhusu mafuta ni uongo vilevile. Kaangia siagi. Kunywa mafuta ya nazi kila asubuhi. Kula nyama yenye mafuta utakavyo, na vidonge vya kushusha lehemu vitupe. Hapo ndipo ninapokataa. Nusu ya kwanza ya habari ni kweli, na inauma. Nusu ya pili haizaliwi na ya kwanza, na watu wanaifuata wakiwa na mishipa ambayo tayari imeanza kuziba.

Tuanze na nusu ya kweli. Tarehe 24 Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa Denver. Alikuwa amevuta sigara kwa wingi kwa miaka mingi kabla ya kuacha, lakini nchi nzima ilianza kuuliza juu ya sahani yake. Wakati huo mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuwa na jibu mkononi: mafuta ya wanyama yanapandisha lehemu katika damu, na lehemu inaziba mishipa ya moyo. Mwaka 1958 alianza utafiti mkubwa katika nchi 7, yaani Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Ugiriki, Yugoslavia na Japani, akifuatilia wanaume zaidi ya 12,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59. Upande wa pili, London, alikuwepo John Yudkin wa Queen Elizabeth College. Yeye alisema mkosaji ni sukari, na mwaka 1972 akaandika kitabu kizima juu ya madhara yake. Keys alimshambulia waziwazi, na Yudkin akabaki pembeni hadi alipofariki mwaka 1995.

Wafanyabiashara wa sukari hawakukaa kutazama mabishano hayo. Barua zilizofukuliwa zinaonyesha ofisa wao, John Hickson, akiwaeleza wanasayansi wa Harvard ni nini hasa wenye fedha wanachotaka kijibiwe. Mmoja wa wanasayansi hao, Mark Hegsted, akamjibu kwamba wanaelewa vizuri haja yake na wataishughulikia kadiri wawezavyo. Rasimu iliposomwa, Hickson akawahakikishia kuwa ndicho hasa walichokuwa wanakitarajia. Miaka michache baadaye chombo hichohicho kikafadhili majaribio ya panya katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Matokeo yalipoanza kuelekeza kidole kwenye sukari, fedha zikakatwa na kazi haikuchapishwa. Mtu akisema huo ulikuwa ufisadi wa elimu, mimi niko naye.

Swali ambalo wasambazaji wa ile habari hawaliulizi ni hili: dola 6,500 zilinunua nini? Zilinunua mapitio, yaani insha ndefu ya kupanga tafiti za watu wengine na kuamua ipi ina uzito. Hazikununua damu ya mtu yeyote. Wanasayansi wale wa Harvard pia hawakugeuzwa na hundi. Walikuwa wakiamini habari ya mafuta kabla ya kupokea senti moja, na ndiyo maana walichaguliwa. Kosa lao kubwa lilikuwa kuficha mfadhili, na kuzichuja tafiti za sukari kwa chujio kali huku zile za mafuta zikipita kwa chujio la matundu makubwa. Kwa hiyo kilichoharibika ni mashtaka dhidi ya sukari, ambayo yalicheleweshwa kwa miaka mingi. Mashtaka dhidi ya mafuta yana mashahidi wengine, na wengi wao walifika baada ya 1967 wakiwa hawana uhusiano wowote na barua zile.

Shahidi mzito kuliko wote ni jeni. Kuna familia ambazo watoto wao huzaliwa na kasoro inayolifanya ini lishindwe kuiondoa LDL, ile lehemu mbaya, kwenye damu. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya kutimiza miaka 20, hata kama hana kisukari na hajawahi kugusa sigara. Michael Brown na Joseph Goldstein walieleza namna jambo hilo linavyotokea, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kisha likaja kinyume chake. Mwaka 2006 zilichapishwa taarifa za Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Wachache kati yao, asilimia 2.6, walikuwa na mabadiliko katika jeni ya PCSK9 yaliyowafanya waishi na LDL iliyo chini kwa asilimia 28 tangu kuzaliwa. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kundi hilo ulipungua kwa asilimia 88. Jeni hailipwi na kiwanda cha sukari wala cha siagi. Mtu hupewa tumboni mwa mama yake, kabla hajachagua chakula, kazi wala mtaa wa kuishi, na ndiyo sababu ushahidi wa aina hii ni mgumu kuupindisha.

Namna LDL inavyoua inaelezeka kwa maneno mepesi. Chembe zake hupenya kwenye ukuta wa mshipa na kunasa humo. Seli nyeupe za damu huja kuzisafisha, huzimeza mpaka hujaa mafuta na kufia hapohapo. Mrundikano huo hukua kwa miaka, mara nyingi bila maumivu yoyote, hadi siku ngozi yake nyembamba inapopasuka. Damu huganda juu ya jeraha, njia hufungwa, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Mafuta yanayoganda yenyewe, kama siagi, samli, mafuta ya ng'ombe na ya mbuzi, na kwa kiasi kikubwa ya nazi na ya mawese, hulipunguzia ini kasi ya kuiondoa LDL. Mafuta yanayobaki maji, kama ya alizeti, zeituni, karanga na samaki, hufanya kinyume au hayaongezi kitu. Ukiyatamka yote kwa neno moja, "mafuta", umeshapotea njia kabla ya kuanza safari.

Hata Keys mwenyewe alikuwa na ushahidi wa tofauti hiyo. Wanaume wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walikuwa wakipata karibu asilimia 40 ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye mafuta, mengi yakiwa ya zeituni, na mioyo yao ilikuwa miongoni mwa iliyo salama zaidi katika utafiti mzima. Wanaume wa mashariki ya Finland, waliokula siagi na maziwa yasiyotolewa mafuta, walikufa kwa wingi. Mwaka 1972 jimbo la Karelia Kaskazini, hukohuko Finland, lilianza mradi ulioongozwa na daktari kijana Pekka Puska. Walihangaikia siagi, sigara na shinikizo la damu kwa pamoja, kijiji kwa kijiji. Katika miongo iliyofuata, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Si siagi peke yake iliyoleta hayo, lakini kushuka kwa lehemu kulichangia sehemu kubwa.

Sasa nije kwenye kosa la upande wa mafuta, maana na wao wanalo. Ujumbe wa "punguza mafuta yanayoganda" ulipofika madukani Marekani katika miaka ya 1980 na 1990, ulikuwa umekatwa na kubaki "punguza mafuta". Viwanda vikatoa mafuta kwenye biskuti na mtindi, na kwa kuwa chakula kisicho na mafuta hakina ladha, vikatia sukari na wanga mweupe. Watu walinunua kwa moyo mweupe wakiamini wanajilinda. Mwaka 2006 yakatoka majibu ya jaribio kubwa la wanawake wa Marekani, 48,835 kwa idadi, ambapo kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta ya kila aina. Baada ya miaka takriban 8, ugonjwa wa moyo haukupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Wapenda siagi walishangilia. Mimi nasoma jambo jingine humo, na ndilo ninalotaka msomaji alishike: chakula hakiondolewi kikaacha nafasi tupu. Ukitoa kitu, kuna kingine kinaingia. Watafiti wa Harvard waliofuatilia wauguzi na wahudumu wengine wa afya kwa miongo kadhaa walilipima hilo mwaka 2015. Asilimia 5 ya nguvu ya chakula itokanayo na mafuta yanayoganda ikihamishiwa kwenye mafuta maji ya mimea, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa takriban robo. Ikihamishiwa kwenye sukari na wanga uliokobolewa, hakuna faida yoyote. Mtu aliyeacha siagi akahamia mkate mweupe na jemu hajapata nafuu, na aliyeacha soda akahamia siagi amebadilisha tu mlango wa ugonjwa.

Maana sukari nayo ina mlango wake. Sukari ya mezani ni glukosi nusu na fruktosi nusu. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini fruktosi sehemu kubwa huishia kwenye ini. Ikija kwa wingi na kwa haraka, kama inavyokuja ndani ya kinywaji, na mwili ukiwa umeshashiba nguvu, ini huigeuza mafuta. Mengine hutolewa kwenye damu kama trigliseridi, mengine hubaki kwenye ini lenyewe, na ndiyo maana siku hizi mtu asiyeonja pombe anaweza kuambiwa ini lake limejaa mafuta. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, huanza kushindwa kazi, kisukari kinanyemelea, na kisukari peke yake huongeza hatari ya moyo karibu mara mbili. Mwaka 2014 utafiti wa Wamarekani ulionyesha kwamba waliopata robo au zaidi ya nguvu yao kutoka kwenye sukari iliyoongezwa walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa karibu mara tatu ya wale waliobaki chini ya asilimia 10. Utafiti wa kufuatilia watu una mipaka yake, lakini ukiuweka pamoja na tunachokijua kuhusu ini, Yudkin hakuwa akipiga kelele bure.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, kikomo cha kwanza ni gramu 50 na cha pili ni gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai visivyo na mlima. Chukua siku ya kawaida ya mfanyakazi wa mjini. Chai ya maziwa asubuhi, vijiko 3. Soda moja ya mililita 350 mchana, takriban gramu 37, ambazo ni vijiko 9. Chai ya jioni, vijiko 3 tena. Vimefika 15 bila kuhesabu andazi, juisi ya miwa ya kituoni wala ubuyu wa mtoto aliouonja.

Na andazi lenyewe litazame kwa karibu. Ndani mna unga mweupe, sukari na pengine tui, kisha limezamishwa kwenye karai la mafuta ambayo yamechemshwa jana, juzi na leo mpaka yamekuwa meusi na kutoa moshi. Kaimati zina hadithi hiyohiyo, pamoja na shira juu yake. Jikoni kwetu sukari na mafuta havigombani kama vinavyogombana kwenye mitandao. Vinaingia tumboni vikiwa vimeshikana mikono, na anayekulazimisha uchague upande mmoja anakuacha na nusu ya tatizo mdomoni.

Watetezi wa mafuta hapa kwetu wana mfano wanaoupenda, nao ni Wamaasai. Mwaka 1964 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alichapisha uchunguzi wake wa wanaume wa Kimaasai 400 wa Tanganyika. Walikunywa maziwa kwa wingi na kula nyama, lakini lehemu yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa adimu. Mara nyingi masimulizi huishia hapo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walitoa matokeo ya kuichunguza mioyo ya Wamaasai 50 waliokwisha kufariki, na mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kuwa mishipa hiyo ilikuwa imetanuka kiasi cha kuacha njia pana ya damu, na watafiti walidhani ni kwa sababu ya mwendo wao wa kila siku nyuma ya mifugo. Anayekaa ofisini Posta ya Dar es Salaam au Upper Hill ya Nairobi kwa saa nane, akarudi nyumbani kwa bodaboda, hana haki ya kuazima mlo wa Mmaasai bila kuazima na miguu yake.

Nazi nayo inastahili kusemwa kwa haki, maana watu wa pwani tunaguswa. Mafuta ya nazi yana mafuta yanayoganda kwa zaidi ya asilimia 80, kuliko siagi, na majaribio yanaonyesha yanapandisha LDL yakilinganishwa na mafuta kama ya alizeti. Ni kweli yanapandisha pia HDL, ile inayoitwa nzuri, lakini dawa zilizobuniwa kuipandisha HDL zimeshindwa kuwalinda wagonjwa. Hata hivyo sioni sababu ya kumtisha mtu kwa tui la kwenye mchuzi wa changu, kisamvu au maharage. Hapo limekuja na samaki, majani na kunde, na kwa kipimo cha mpishi mwenye akili. Ninachokipinga ni mafuta ya nazi yanayouzwa kwenye chupa kama dawa, vijiko viwili kabla ya kula, kwa mtu ambaye hata hajapima damu yake.

Kuna aina moja ya mafuta ambayo haina mtetezi mwenye hoja, nayo ni yale ya mimea yaliyogandishwa nusunusu kiwandani kwa kuongezewa hidrojeni. Yanapandisha LDL na papo hapo kuishusha HDL. Asilimia 2 ya nguvu ya siku, ambayo haizidi kijiko kimoja cha chai, iliongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 23 katika uchambuzi uliochapishwa 2006. Denmark iliyabana kwa sheria mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaziita nchi zote ziyaondoe ifikapo 2023. Si kila mafuta ya mgando ya kopo yanayo, kwani baadhi ni mawese matupu, lakini mnunuzi wa kawaida hana namna ya kujua kama lebo haisemi. Hii ni kazi ya sheria na ukaguzi. Mama ntilie hawezi kupima karai lake maabara.

Lipo pia jambo ambalo ugomvi huu wa mafuta na sukari unalifunika, nalo ni presha. Vipimo vya kitaifa vya Tanzania mwaka 2012 na vya Kenya mwaka 2015 vilikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi walikuwa hawajui. Chumvi, uzito na pombe vina sehemu kubwa hapo, na kiharusi kinachotokana nayo hakisubiri mshindi wa mjadala wetu apatikane.

Kwa mtu aliyeacha soda, sembe na mikate, akapungua kilo na sukari yake ikashuka, nasema hongera, na asirudi alikotoka. Mlo wa wanga kidogo unaweza kumsaidia sana mwenye kisukari cha aina ya pili. Lakini asimeze ushauri wa kuacha statini, vile vidonge vya kushusha lehemu, kwa sababu tu tumbo limepungua, maana LDL ya baadhi ya watu hupanda sana wanapohamia siagi na nyama ya mafuta, na hawasikii lolote mwilini. Aende kliniki aombe namba zake ziandikwe: LDL, trigliseridi, sukari ya wastani wa miezi mitatu, na presha. Arudie baada ya miezi mitatu. Ikiwa sukari imeshuka na LDL imepanda, siagi na samli zipishe alizeti, karanga, parachichi, dagaa na vibua, maharage yarudi sufuriani, na soda ibaki hukohuko dukani. Habari ya kuacha kidonge aijadili na daktari anayezisoma namba hizo.